Vipimo vya Akili na Tofauti za Lugha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara, yakitoka kwa wazazi, walimu, waajiri na wanafunzi wa saikolojia. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali ili tusirudie.

## Mambo ya msingi

1. Kipimo cha uwezo wa akili ni nini, na lugha inaingia wapi?

Ni mkusanyiko wa kazi ndogondogo ambazo kila mpimwa hupewa kwa namna ileile: kueleza maana ya maneno, kukumbuka tarakimu, kupanga vipande kwa kufuata mchoro, kutafuta umbo linalokosekana. Alama hujumlishwa, kisha jumla hulinganishwa na ya watu wa rika lake. Katika vipimo vingi vya IQ wastani wa rika umewekwa kuwa 100, na karibu theluthi mbili ya watu huwa kati ya 85 na 115.

Lugha huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza kila mtu anauona: maswali mengi ni ya maneno. Wa pili ni maelekezo, kwa sababu hata kazi ya kupanga vipande huanza kwa maelezo, na asiyeyaelewa hupoteza muda akibahatisha. Wa tatu ndio unaosahaulika, nao ni kundi la kulinganishia. Mtoto anayejibu kwa lugha yake ya pili akilinganishwa na watoto walioisikia tangu kuzaliwa, amebebeshwa mzigo kabla hajafungua mdomo.

2. Je, kipimo cha haki ni kile ambacho makundi yote hupata wastani sawa?

Hapana. Wastani ukitofautiana, hiyo ni sababu ya kuchunguza, bado si ushahidi wa upendeleo. Kundi lililosoma shule miaka miwili likipimwa hesabu pamoja na kundi lililosoma miaka minane, tofauti itaonekana, na kipimo kitakuwa kimesema kweli kuhusu hesabu. Uongo unaanza pale mtu anapochukua alama hiyo na kuiita akili ya kuzaliwa nayo.

Maana ya haki inayotumiwa zaidi na wapimaji ni hii: watu wawili wenye uwezo uleule, kutoka makundi mawili tofauti, wawe na nafasi sawa ya kupata alama ileile. Maana nyingine, iliyoelezwa na T. Anne Cleary mwaka 1968, hutazama utabiri: kipimo kina upendeleo ikiwa alama ileile inatabiri matokeo ya juu zaidi au ya chini zaidi kwa kundi moja kuliko jingine.

Maana hizi mbili zinaweza kugongana, na lugha ndipo zinapogongana mara nyingi. Chukua shule inayofundisha kwa Kiingereza. Kipimo cha Kiingereza kitatabiri vizuri alama za darasani kwa watoto wote, wanaokijua Kiingereza na wasiokijua, maana kinachomkwamisha mtoto kwenye kipimo ndicho kinachomkwamisha darasani. Kama utabiri wa mwaka huu, alama hiyo ni sahihi. Kama kauli kuhusu uwezo wa mtoto wa kufikiri, si sahihi hata kidogo. Karatasi ni moja na alama ni moja, lakini zimetumiwa kwa mambo mawili. Ndiyo maana swali la haki huulizwa juu ya matumizi ya alama, na wanaouza vipimo kwa tangazo la "kipimo cha haki kwa wote" wanauza kitu kisichokuwepo.

3. Upendeleo huingia kwa njia gani?

Fons van de Vijver na wenzake waliugawa katika aina tatu, na mgawanyo huo umeenea: upendeleo wa dhana, wa njia ya kupima, na wa swali mojamoja. Aina mbili za mwisho zimejibiwa chini (maswali ya 5 hadi 13). Hapa nikae kwenye ya kwanza.

Upendeleo wa dhana ni pale ambapo kitu chenyewe kinachopimwa hakina umbo moja kila mahali. Kwa Kiswahili tunasema bila shida kwamba fulani "ana elimu lakini hana akili", tukimaanisha hajui kuishi na watu. Hakuna kipimo cha IQ kinachoweza kutoa alama ya namna hiyo. Robert Serpell, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi nchini Zambia, alionyesha kwamba neno *nzelu* la Kichewa linaunganisha wepesi wa kuelewa na hali ya mtoto kuaminika, yaani kutumwa jambo akalitimiza. Mpimaji akija na maumbo na msamiati peke yake, amepima sehemu ya *nzelu* na kuiacha sehemu nyingine.

4. Tatizo hili limejulikana tangu lini?

Karibu tangu vipimo vyenyewe vianze. Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao Paris mwaka 1905, kwa Kifaransa, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Muda si muda Henry Goddard alikitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1913 wasaidizi wake walikuwa Ellis Island, New York, wakiwapima kwa wakalimani wahamiaji walioshuka melini.

Jeshi la Marekani lilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, wanasaikolojia walitunga vipimo viwili: Alpha kwa waliojua kusoma Kiingereza, na Beta ya picha kwa wasiojua. Askari wapatao milioni 1.7 walipimwa. Mwaka 1923 Carl Brigham alitumia takwimu hizo kudai kwamba baadhi ya mataifa ya Ulaya yana akili pungufu. Mwaka 1930 aliandika mwenyewe kuikana hoja yake, akikiri kwamba vipimo vilivyokuwepo haviwezi kulinganisha makundi ya mataifa. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshapitisha sheria ya 1924 ya kubana uhamiaji.

Kesi inayotajwa zaidi katika suala la lugha ni ya Diana, California. Watoto tisa wenye asili ya Meksiko, ambao nyumbani walizungumza Kihispania, walipimwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawakustahili kuwa huko. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 1970: mtoto apimwe pia kwa lugha yake ya kwanza. Baadaye sheria ya nchi nzima kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu ilichukua mwelekeo huohuo.

## Tafsiri na mitego yake

5. Mtafsiri mzuri akipatikana, si tatizo limekwisha?

Bado. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kabisa na swali likaharibika. Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni huu. Swali la Kiingereza linauliza idadi ya pembe za "triangle". Tafsiri yake: "Pembetatu ina pembe ngapi?" Hakuna kosa la lugha hapo, ila jibu limo ndani ya swali.

Tuchukue kazi ya ufasaha wa maneno. Mpimwa wa Kiingereza huambiwa ataje, ndani ya dakika moja, maneno mengi awezayo yanayoanza na herufi F, kisha A, kisha S. Ihamishie kwenye Kiswahili kwa herufi K uone: kula, kulala, kukimbia, kuimba, kupika, na kitenzi kingine chochote. Mtu anaweza kumaliza dakika bila kufikiri, kwa kuwa kiambishi kinamfanyia kazi. Herufi M nayo ina watu wote na miti yote. Ukivikataza vitenzi vyenye *ku-*, umetunga kazi mpya inayohitaji viwango vyake vya kulinganishia, huwezi tena kutumia jedwali la alama za wapimwa wa Kiingereza.

Viwakilishi navyo vina mtego. "Asha alimwambia Juma kwamba amechelewa." Nani amechelewa? Kwa Kiingereza jinsia ya kiwakilishi ingemaliza ubishi, na mtunzi wa swali la ufahamu angeweza kuitegemea. Kwa Kiswahili majibu yote mawili yana haki, na mtoto mwangalifu anayesema "haijulikani" anakosa alama.

Saa nazo ni hivyohivyo. Mchoro wa saa ya tarakimu unaoonyesha 07:00 humtaka msemaji wa Kiswahili atoe sita ndipo aseme saa moja. Mwenzake anasoma tu alichokiona.

6. Tafsiri rejeshi haitoi uhakika?

Tafsiri rejeshi ni pale mtafsiri wa pili, asiyeona maandishi ya asili, anapoirudisha tafsiri kwenye lugha ya kwanza, kisha maandishi mawili yanalinganishwa. Richard Brislin ndiye aliyeieneza kuanzia 1970. Inakamata makosa ya maana, na ni afadhali kuliko kutofanya lolote.

Lakini irudishe "Pembetatu ina pembe ngapi?" kwenye Kiingereza. Utapata sentensi ileile uliyoanza nayo, bila doa. Ugumu wa swali umeporomoka na tafsiri rejeshi haikuona kitu. Tena mtafsiri akijua kwamba kazi yake itarudishwa, huelekea kutafsiri neno kwa neno, jambo linalopendeza kwenye ulinganisho na kumchosha msomaji.

Kwa sababu hiyo mipango mikubwa imeliacha jukumu hilo kwa njia nyingine. Upimaji wa kimataifa wa wanafunzi uitwao PISA, ulioanza mwaka 2000, huzishauri nchi zitafsiri mara mbili, kila mtafsiri peke yake, kutoka Kiingereza na kutoka Kifaransa, kisha mtu wa tatu asuluhishe. Miongozo ya Tume ya Kimataifa ya Vipimo, toleo la pili la 2017, husisitiza kazi inayofuata baada ya maneno kukamilika: kujaribisha kwa watu halisi, kuwauliza walivyoelewa, na kuchunguza takwimu. Swali ambalo asili yake haihamishiki hutupwa, likatungwa jingine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutafsiri kipimo na kukirekebisha.

7. Tarakimu ni zilezile kila mahali. Kwa nini kumbukumbu ya tarakimu itofautiane kwa lugha?

Tarakimu ni zilezile, ila majina yake si yaleyale. Kazi hii ni rahisi kueleza: mpimaji anasoma tarakimu, moja kila sekunde, mpimwa anazirudia, na mlolongo unaongezeka mpaka ashindwe. Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba tunashika kwa mdomo wa ndani kiasi kinachoweza kutamkwa katika takribani sekunde mbili. Kwa hiyo lugha yenye majina mafupi ya namba inampa mwenye nayo nafasi zaidi.

Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walilionyesha hilo Wales. Watu walewale, wenye lugha mbili, walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu namba za Kiwelisi huchukua muda mrefu kidogo kutamka. Ubongo ulikuwa mmoja.

Sasa hesabu kwa vidole. Kuanzia moja hadi tisa, kila jina la Kiswahili lina silabi mbili: jumla 18. Kwa Kiingereza ni silabi moja kila jina isipokuwa "seven": jumla 10. Na si urefu peke yake. Sauti zinazofanana huchanganyikana kumbukumbuni, na Kiswahili kimejaa ndugu: tatu na tano, nne na nane, na juu ya yote sita na tisa, ambazo ni konsonanti zilezile zimebadilishana viti. Jaribu kushika "tisa, sita, nane, nne, saba, tano" uone.

Mtoto anayepimwa kwa Kiswahili na kulinganishwa na jedwali la watoto wa Kiingereza anaweza kuandikwa "kumbukumbu dhaifu" kwa sababu ya silabi. Ni moja ya makosa ambayo yangezuilika kirahisi sana, na bado ninayaona kwenye ripoti.

8. Kwa nini vipimo vingine haviwezi kutafsiriwa kabisa?

Kwa sababu vimejengwa juu ya tabia ya lugha moja. NART, kipimo cha Kiingereza kilichotolewa na Hazel Nelson mwaka 1982, humpa mtu maneno 50 yasiyosomeka kama yalivyoandikwa. Aliyewahi kuyajua huyatamka sawasawa hata baada ya ugonjwa kuharibu mambo mengine, na hivyo daktari hukadiria uwezo wake wa zamani. Kwa Kiswahili neno husomeka lilivyoandikwa. Anayejua herufi atalisoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kipimo cha aina hiyo hakina pa kusimama.

9. Tukimweka mkalimani, je?

Mkalimani wa upimaji si mkalimani wa mkutano. Kwenye mkutano ukieleweka umefaulu. Kwenye upimaji, kueleweka kupita kiasi ni kutoa jibu.

Niliwahi kukaa chumbani na mkalimani mwema kuliko ilivyohitajika. Swali lilikuwa: meza na kiti vinafanana vipi? Mtoto alinyamaza. Mkalimani akamgeukia na kumweleza kwa lugha yake, na baadaye nikajua alichosema: meza na kiti, vyote ni vitu vya aina gani? Mtoto akajibu "samani", akapewa alama kamili. Dakika kumi baadaye mtoto huyohuyo alizungumza sentensi tatu nzima, na mkalimani akatufikishia kwa ufupi: "Anasema hajui." Hakuwa na nia mbaya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Ikibidi mkalimani atumike, apewe maswali mapema, aelezwe mipaka, asiwe ndugu wa mpimwa, na ripoti itaje kwamba alikuwepo. Hata hivyo viwango vya kulinganishia vitakuwa vya watu waliopimwa bila mkalimani, kwa hiyo alama isomwe kama makadirio.

## Maumbo badala ya maneno

10. Kwa nini tusitumie vipimo vya maumbo tu, visivyo na lugha?

Hupunguza tatizo, haviliondoi. Matrisi za Raven, zilizotolewa mwaka 1938, ndizo zinazojulikana zaidi: safu za maumbo, moja limekosekana, chagua linalofaa. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba hapo utamaduni hauna mkono.

James Flynn ndiye aliyeitikisa imani hiyo. Katika makala zake za 1984 na 1987 alikusanya takwimu za nchi kadhaa na kukuta alama zikipanda kizazi hadi kizazi, na zilipanda zaidi kwenye vipimo vya aina ya Raven, kuliko kwenye msamiati. Kama maumbo yangekuwa nje ya mazingira, wajukuu wasingewapita babu zao namna hiyo katika nchi ileile na lugha ileile. Shule, michoro, majedwali na skrini hufundisha jicho kusoma safu na nguzo.

Serpell alionyesha upande mwingine, mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili mifano kwa njia tofauti. Kwa waya, watoto wa Zambia walikuwa bora. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walikuwa bora. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Angetumia penseli peke yake angeandika hitimisho moja, na angetumia waya peke yake angeandika kinyume chake.

Kuna jambo jingine: ukiondoa maneno yote, umeondoa pia uwezo ambao shule na kazi nyingi zinauhitaji kweli, wa kufikiri kwa maneno.

11. Mpimwa akikataa kujibu swali la mantiki, hana mantiki?

Alexander Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan, mwaka 1931 na 1932, kuhusu dubu. Kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajafika huko, aulizwe aliyefika. Waliokuwa wamepita shule hata kwa muda mfupi walijibu "weupe" bila kusita.

Ukilisoma jibu la wakulima vizuri, lina mantiki kali: nisiseme nisichokiona. Wamekataa mchezo wa shule, ambamo mtu hujifanya anaamini maneno ya asiyemjua. Kujua mchezo unaochezwa ni nusu ya alama katika vipimo vingi, na haionekani kwenye jedwali lolote.

## Takwimu

12. Swali lenye upendeleo hugunduliwaje?

Kwa kulinganisha watu waliolingana. Tuseme kipimo cha msamiati wa Kiswahili kina maneno 30, na wapimwa ni wa makundi mawili: wenye Kiarabu kama lugha ya kwanza, na wenye lugha nyingine ya Kibantu. Unawachukua wote waliopata 20 kati ya 30, kutoka kila kundi, kisha unatazama neno mojamoja. Kwenye "dhahiri", wa kundi la kwanza wamefaulu wengi zaidi. Kwenye "mfupa", kundi la pili limewapita. Jumla yao ni sawa, ila maneno haya mawili hayapimi kujifunza Kiswahili tu. Yanapima pia bahati ya kuwa na neno la jirani nyumbani. Unarudia kwa waliopata 19, 21 na kuendelea, kisha unajumlisha. Njia ya Mantel na Haenszel, iliyoanzia kwenye takwimu za magonjwa mwaka 1959, ndiyo inayotumika sana kufanya hesabu hiyo, na huhitaji angalau watu mia mbili hivi kwa kila kundi ili ieleweke.

Swali likitiliwa shaka halitupwi papo hapo. Wanaozijua lugha zote mbili hukaa wakalisoma na kutafuta sababu.

Njia hii ina upofu mmoja ambao wengi hawauambiwi. Inalinganisha watu kwa jumla ya alama za kipimo hichohicho. Kama lugha imelishusha kundi zima kwa kiasi sawa kwenye maswali yote 30, jumla nayo imeshuka, na hakuna swali litakalojitokeza kuwa tofauti na mengine. Ripoti itasema "hakuna upendeleo", na itakuwa kweli kwa maana finyu isiyomsaidia mtu.

13. Alama 95 kwa lugha moja ni sawa na 95 kwa lugha nyingine?

Ni sawa tu ikiwa imethibitishwa hatua kwa hatua: kwamba kipimo kina muundo uleule katika lugha zote mbili, kwamba kila kazi ina uzito uleule, na kwamba mahali pa kuanzia ni pamoja. Hatua ya mwisho ndiyo inayovunjika mara nyingi, na bila hiyo kulinganisha wastani wa makundi ni sawa na kulinganisha vipimajoto viwili bila kujua sifuri ya kila kimoja iko wapi. Mtu bado anaweza kulinganishwa na wenzake wa lugha yake.

## Watoto wa lugha mbili na hali za pembeni

14. Mtoto anaongea lugha ya shule vizuri tu. Kuna ubaya gani kumpima kwayo?

Kuongea kwenye uwanja wa michezo na kufikiri kwa lugha ya kitabu ni vitu viwili. Jim Cummins alivitenganisha mwaka 1979, na takwimu zake za Kanada zilionyesha kwamba mtoto mhamiaji hupata lugha ya maongezi kwa takribani miaka miwili, lakini lugha ya kitaaluma humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Katikati hapo ndipo watu wanapodanganyika: matamshi ni safi, vichekesho anavielewa, halafu alama ya msamiati inatoka chini na mtu mzima anasema "basi lugha si sababu".

15. Basi apimwe kwa lugha ipi?

Inapowezekana, zote. Msamiati wa mtoto wa lugha mbili umegawanyika: maneno ya nyumbani yako upande mmoja, ya darasani upande wa pili. Ukihesabu upande mmoja utapata pungufu daima. Njia ya haki zaidi ni kuhesabu dhana, yaani kitu akikitaja kwa lugha yoyote kati ya mbili, anacho.

Usidhani pia kwamba lugha ya kwanza ndiyo yenye nguvu wakati wote. Mtoto aliyehamishwa shule akiwa na miaka mitano, na ambaye hajasoma neno hata moja kwa lugha ya nyumbani, anaweza kushindwa kwayo kuliko kwa ya shule. Muulize anahesabu kwa lugha gani akiwa peke yake.

16. Lugha mbili huchelewesha akili?

Hapana. D. J. Saer alidai hivyo mwaka 1923 kuhusu watoto wa Wales, bila kudhibiti ipasavyo tofauti za hali ya maisha. Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowalinganisha kwa uangalifu watoto wa Montreal, mwaka 1962, wenye lugha mbili hawakuwa nyuma, walitangulia.

17. Na kama hakuna kipimo chenye viwango kwa lugha ya mtoto?

Ndiyo hali ya lugha nyingi duniani. Njia inayonishawishi zaidi ni kupima, kufundisha, kisha kupima tena. Robert Sternberg na wenzake waliifanya Bagamoyo, Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2002: watoto walipimwa, wakafundishwa mbinu kwa muda usiozidi saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na aliyekuwa juu mwanzoni hakuwa lazima juu mwishoni. Kile kinachotazamwa ni mtoto anavyojifunza ukiwa mbele yake, badala ya alichokuta nyumbani.

Pamoja na hayo, mlinganishe na ndugu zake na wenzake wa mazingira yale yale, na uwaulize wazazi anafanya nini mwenyewe na anatumwa nini.

18. Viziwi wanaotumia lugha ya alama wako wapi katika hili?

Wako hapahapa, kwa kuwa lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake, na kiziwi anayepewa maswali kwa maandishi anapimwa kwa lugha ya pili. Kumbukumbu ya mfuatano nayo inarudi (swali la 7): utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watumiaji wa lugha ya alama ya Marekani hushika vitu karibu vitano kwa mpangilio, wakati wasikiao hushika karibu saba, bila akili kuhusika.

19. Mwajiri anaruhusiwa kutumia vipimo hivi?

Inategemea nchi. Afrika Kusini, yenye lugha rasmi nyingi, imeliandika wazi: kifungu cha 8 cha Sheria ya Usawa katika Ajira ya 1998 kinakataza kipimo cha kisaikolojia isipokuwa kimeonyeshwa kisayansi kuwa halali na thabiti, kinaweza kutumika kwa haki kwa waajiriwa wote, na hakina upendeleo dhidi ya mtu au kundi. Mzigo wa kuonyesha uko kwa mwajiri. Kwingine, uliza jambo moja: kazi yenyewe inahitaji lugha hiyo kwa kiwango hicho? Fundi umeme anayekataliwa kwa msamiati wa fasihi ana haki ya kulalamika.

20. Nimepewa ripoti ya mtoto wangu. Nitazame nini kwanza?

Tafuta lugha iliyotumika kupima. Kama haikutajwa, mpigie aliyeandika. Kisha tafuta viwango vya kulinganishia vilitoka kwa watoto gani na vya mwaka upi, kwa sababu vya zamani hupotosha pia (swali la 10). Linganisha alama za maneno na za maumbo: zikiachana sana kwa mtoto wa lugha mbili, jumla iliyo chini ya ukurasa haina maana, na mpimaji makini atakuwa ameandika hivyo. Angalia kumbukumbu ya tarakimu ilipimwa kwa lugha gani. Ikiwa uamuzi wa kumhamisha darasa umetegemea ripoti hiyo peke yake, omba kwa maandishi apimwe tena kwa lugha yake nyingine, na mtu mwingine, na uweke nakala ya barua yako.